Tone Jekundu Juu ya Skrubu

Tak. Sauti kavu, fupi, kama mtu anayevunja biskuti karibu na sikio lako. Kisha pumzi ndogo ya hewa, halafu kimya. Ndiyo sauti iliyonirudia kichwani Jumanne asubuhi nilipopokea simu ya dada mmoja anayeuza vipodozi katikati ya jiji, orofa ya chini ya jengo ambamo fundi wangu wa bunduki za rangi alikuwa na karakana yake. Dada huyo huwa hanipigii simu. Tulizoea kusalimiana tu nikipita kuelekea kwenye ngazi. Kwa hiyo nilipoona jina lake nilijua kabla hajasema. "Sasa mrembo," akaanza. "Uko wapi? Keti kwanza." Nikamwambia nimeketi, ingawa nilikuwa nimesimama kwenye foleni ya maji hapa mtaani Satellite na mtungi mkononi. "Yule mzee wako wa bunduki ametuacha. Ijumaa. Aki pole. Na Masingasinga hawakawii, walimaliza mazishi Jumamosi." Nilisema asante, kana kwamba ameniletea kifurushi. Mtu aliyekuwa nyuma yangu akaniuliza kama nasonga au sisongi. Nikasonga.

Ninyi mnaonisoma kila wiki mmenizoea nikiwaletea vituko vya jiji na ndoto zangu za nyumba yenye baraza na paka wawili. Leo nivumilieni. Kabla sijapewa kona hii ya gazeti, nikiwa na cheti cha kidato cha nne ambacho hakikumshangaza mtu yeyote, nilikuwa refa kwenye uwanja wa peintiboli upande wa Spring Valley, ndani ya kibonde cha mikaratusi nyuma ya nyumba za wenye nazo. Kwa ambaye hajauona mchezo huo: timu mbili huvaa barakoa ngumu, hujificha nyuma ya mapipa na magogo, na hulengana kwa bunduki za hewa zinazotema gololi laini za rangi. Gololi ikikupasukia, umetoka. Bunduki zenyewe siku hizi zina umeme. Ndani ya mpini mna betri, mna saketi ndogo isiyozidi kiberiti, na mna swichi chini ya kifyatulio. Ukivuta, swichi inaguswa, saketi inaiambia vali ifunguke, gololi inatoka. Sheria ya uwanja wetu ilikuwa imeandikwa kwa chokaa kwenye ubao wa getini: mvuto mmoja, gololi moja. Kazi yangu ilikuwa kuilinda sheria hiyo kwa filimbi na fulana ya mistari iliyonipwaya.

Bunduki zote za uwanja, pamoja na za wachezaji waliokuwa na zao, zilikaguliwa na mtu mmoja tu, na mimi ndiye niliyembebea kila Jumatatu kwenye begi la michezo. Alikuwa Singasinga wa makamo yaliyokwisha kupita, kilemba cha kijivu, ndevu nyeupe zilizofungwa vizuri, aproni yenye mifuko mingi kuliko vitu vya kutia. Alizaliwa hapa hapa Nairobi, baba yake alitengeneza cherehani kwenye chumba kile kile, na Kiswahili chake kilikuwa cha gereji, cha mtu aliyekua akishika spana. Nilimwita Anko kama kila mtu pale jengoni. Yeye aliniita beti, yaani binti kwa lugha ya kwao. Siku ya kwanza kabisa nilikwama mlangoni. Askari wa jengo alifungua begi akaniuliza, "Madam, na hii ni nini?" Mimi, kwa ujinga wangu wa kusema ukweli bila kuupanga, nikajibu, "Ni bunduki." Watu watatu wakatoka mbio na mmoja akaacha kiatu. Ikabidi Anko ateremke na aproni yake. "Wacha huyu, ni mtu yangu. Hiyo ni ya kupiga watu wa ofisi Jumapili." Askari akaitazama ile bunduki kwa jicho jipya. "Watu wa ofisi gani, mzee? Ama naweza kukupea majina?" Tangu siku hiyo aliniita Afande, na hakunipekua tena.

Anko alikuwa na desturi ambayo sijaiona kwa fundi mwingine. Akimaliza kukagua bunduki, aliufunga mpini kwa skrubu mbili, kisha akachukua kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu iliyokolea, akadondosha tone moja juu ya kila skrubu: nusu ya tone kwenye kichwa cha skrubu, nusu kwenye mwili wa bunduki. Rangi ikikauka, hakuna awezaye kuizungusha skrubu ile bila kulipasua tone. Pale uwanjani hatukuwa na haja ya kufungua kitu. Tuliangalia tone. Likiwa zima, bunduki inapita. Kichupa alikinunua kwa yule dada wa vipodozi, ambaye hakuchoka kumtania. "Anko, kucha za nani leo?" Naye hujibu bila kucheka, "Za bunduki. Iko na harusi." Mimi nilikuwa na haraka ya ujana, kila akidondosha tone nilisogeza mdomo nilipulize likauke upesi. Alinizuia kila mara kwa kidole. "Usipulize, beti. Ukipuliza inakauka juu, chini bado bichi. Ngoja." Basi tunangoja. Anamimina chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa yake, ananiuliza habari za nyumbani, mimi namweleza kuhusu ukumbi wa peintiboli nitakaoujenga siku moja, wa ndani, wenye taa, wa timu za wasichana watupu. Hakuwahi kunicheka. Aliuliza tu paa litakuwa na urefu gani. Nusu ya urafiki wetu ilikuwa kungoja rangi ikauke.

Ni yeye aliyenifundisha kusikia. Siku moja aliniambia nifumbe macho, akafyatua bunduki tupu dirishani. "Iko ngapi?" Nikasema sita. "Na mimi nimevuta ngapi?" Nikafumbua macho, nikamwambia sijui. "Basi hujasikia. Umehesabu tu." Akanieleza kwamba kabla ya kila tak kuna sauti nyingine ndogo, ki, ya swichi chini ya kidole. Mtu asiye na subira haisikii. Kila tak lazima iwe na ki yake. Ukisikia tak isiyo na ki, hiyo haikutoka kwenye kidole cha mtu, kuna mgeni ndani. Mgeni ndilo jina alilokipa kile ambacho wajanja hukificha kwenye saketi: maagizo ya siri yanayoifanya bunduki, ukivuta mara tatu kwa haraka, ianze kujiongezea gololi zake yenyewe. Tena mgeni ana adabu ya mwizi. Ukiizima bunduki, analala. Refa akija kuipima polepole, tak moja, tak moja, ataona ni malaika. Mwenye bunduki anajua namna ya kumwamsha: anakibana kifyatulio mpaka kitaa kidogo kikonyeze mara mbili, basi. Nilimwona Anko akimfuta mgeni kwenye bunduki ya wakili mmoja kijana aliyeinunua ng'ambo. Wakili akalalamika, "Mzee, lakini hiyo ndiyo kitu ilinifanya niinunue." Anko akamrudishia kwa mikono miwili, kwa heshima. "Peleka kwa fundi mwingine. Mimi tone yangu hupati." Yule kijana alisimama pale kama aliyeambiwa hana nauli. Hatimaye aliiacha bunduki, akalipata tone.

Mnaona sasa nilikuwa namwamini kiasi gani. Basi ikaja Jumapili ya fainali. Timu moja ilikuwa ya wakazi wa mtaa wa Woodley, watu wazima wapole, na ndani yake kulikuwa na mwalimu mstaafu wa hisabati aliyecheza na binti yake. Mwalimu alikuwa amepotea kwa miezi mingi kwa sababu ya kiharusi, na sote tulimshangilia aliporudi. Timu ya pili ilikuwa ya wafanyakazi wa kiwanda cha mikate, vijana walioingia uwanjani mara moja moja wakiruhusiwa na zamu zao. Mshindi angepewa kikombe na mwaka mzima wa kucheza bure, na kwa wale wa mikate mwaka huo ndio uliokuwa kila kitu. Nilisimama pembeni mwa pipa la mwalimu. Nikasikia: ki-tak, ki-tak, ki-tak. Halafu nikasikia tak, tak, zikifuatana, bila ki. Nilisikia tena. Nikapuliza filimbi.

Sasa, sheria yetu inasema filimbi ikilia kila mtu azime bunduki yake. Kwa hiyo filimbi yangu mwenyewe ndiyo iliyomlaza mgeni. Bosi wa uwanja akaja, akaichukua bunduki ya mwalimu, akaigeuza. Matone mawili yalikuwa pale, mazima, yanang'aa. Akaiwasha, akafyatua polepole kuelekea kwenye gogo. Tak. Tak. Malaika. Akanitazama. "Tone iko sawa. Kwa hivyo ni Anko anatudanganya, ama ni wewe umesikia vibaya?" Watu wote walikuwa wameinua barakoa zao. Mwalimu alikuwa akiangalia viatu vyake. Nilijua nilichokisikia kama ninavyojua sauti ya mamangu akiita kutoka jikoni. Lakini kusema hivyo, au kumwamsha mgeni mbele yao, kulikuwa ni kusema, mbele ya uwanja mzima, kwamba mkono ulioweka tone lile ulikuwa mwongo. "Sema basi," bosi akasema. Nikasema, "Labda nimesikia vibaya." Kapteni wa timu ya mikate alikuwa msichana wa rika langu, shavu lote amejipaka rangi ya buluu. Hakupiga kelele. Alinisogelea tu akasema, "Refa. Ulisikia." Kisha akavaa barakoa yake. Nikapuliza filimbi waendelee. Wa mikate walishindwa.

Jumatatu nilipanda ngazi bila begi. Anko aliitazama mikono yangu mitupu, akamimina chai. Sikujua nianzie wapi, nikachukua kijiko nikagonga meza, huku nikitoa ile ki kwa ulimi: ki-tak, ki-tak, ki-tak. Halafu nikagonga mara mbili bila ki. Akaiweka glasi yake chini. "Ilikuwa nani?" akauliza. Nikamwambia, "Anko, unajua." Akavuta stuli, akaketi. "Ni mkono wake, beti. Vidole viwili havisikii tena. Alikuja hapa, binti yake anangoja chini. Akaniambia, fundi, nimechoka kuwa mtu wa kwanza kutoka kila mchezo, watoto wananihurumia. Nikaweka mgeni mmoja, mdogo. Wa kumshika mkono tu." Nikamuuliza kwa nini hakutuambia. "Yeye hakutaka. Aliona haya." Nikauliza, "Na tone?" Hapo hakujitetea. "Tone ni yangu. Hiyo sina maneno." Nilifikiri hapo ndipo mwisho wa jambo. Lakini akaniuliza, "Na wewe uliwaambia nini?" Nikamwambia nilisema nimesikia vibaya. Sijawahi kuuona uso wa mtu ukianguka namna ile. Akavua miwani. "Bunduki naweza kurudisha, dakika ishirini tu," akasema. "Sikio yako nitarudisha na spana gani?"

Jumapili iliyofuata alikuja uwanjani mwenyewe, na koti la sherehe, katikati ya vijana waliojipaka rangi mpaka masikioni. Alingoja timu zote zikusanyike kwa maelezo ya asubuhi. Akainua mkono kama mwanafunzi. "Refa alisikia vizuri," alisema. "Mgeni niliweka mimi. Tone niliweka mimi." Hakusema kwa ajili ya nani. Alikuwa tayari kubeba mzigo wote na kuondoka nao. Ni mwalimu aliyesimama, akaunyoosha mkono wake wa kulia mbele yetu, vidole viwili vimejikunja kama majani makavu, akasema, "Mimi ndiye niliyemwomba." Binti yake akaanza kulia. Nilitarajia matusi, maana vijana wa Nairobi hatuna breki. Lakini yule kapteni wa mikate alijikuna kichwa akasema, "Mwalimu, si ungesema tu? Tungefunga utepe kwa hiyo bunduki yako kila mtu ajue, halafu tucheze. Shida iko wapi?" Ukaletwa utepe wa manjano uliotoka kwenye keki ya mtu, ukafungwa kwenye mtutu. Fainali ikarudiwa. Bunduki ile ile, saketi ile ile, mgeni yule yule, na hapakuwa na udanganyifu tena, kwa sababu ya utepe. Mwalimu alitolewa dakika ya tatu, gololi katikati ya paji la barakoa, akacheka kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Wa mikate walichukua kikombe na mwaka wao.

Kisha bosi akamvuta Anko kando, nami nilikuwa karibu nikikusanya barakoa. "Mzee, nakuheshimu sana. Lakini tone yako siwezi kuiamini tena." Anko akajibu, "Haki yako." Wakashikana mikono. Alipokuwa akitoka alipita kwangu, akasimama kidogo. "Umesikia, beti?" Nikasema, "Nimesikia, Anko." Hayo ndiyo maneno yetu ya mwisho, ingawa hakuna hata mmoja wetu aliyejua.

Hatukukosana. Ningependa mlielewe hilo, maana watu wakisikia kimya hutafuta ugomvi. Alipatikana fundi mwingine, anazifuata bunduki uwanjani mwenyewe kwa pikipiki. Begi la Jumatatu likaisha, na mimi bila begi sikujua namna ya kupanda zile ngazi. Ningemwambia nimekuja kufanya nini? Jiji hili limetufundisha kupendana kwa kisingizio. Kuna mama wa mboga unayemjua mpaka majina ya wajukuu wake, lakini siku ukihama mtaa, ndiyo basi. Kuna kinyozi anayejua siri ya nduguyo. Tunabebana moyoni kwa mpini wa shughuli, mpini ukivunjika hatujui tushike wapi. Yule dada wa vipodozi alinitumia ujumbe mara moja: "Mzee anasema chai iko." Nilimjibu kwamba nitapita wiki ijayo, na nikaweka vikaragosi vitatu vinavyocheka. Nilimaanisha. Kila wiki ilikuwa na ijayo yake. Nikaacha urefa, nikapata kona hii, nikaanza kuwachekesha ninyi, na miezi minane ikapita. Nilitaka kumpelekea gazeti. Nilikuwa hata nimelikunja kwenye ukurasa wangu.

Tangu Jumanne nimekuwa nikijiuliza kosa lake lilikuwa nini hasa. Si kumsaidia mgonjwa. Ule mkono ulistahili kushikwa, na msichana wa mikate mwenye elimu isiyozidi yangu aliliona hilo kwa dakika moja. Kosa lilikuwa kuuficha msaada mahali ambapo sisi wengine tuliweka imani yetu bila kuangalia. Sote tuna tone la mtu fulani tunaloliamini. Unapanda lifti, unameza dawa, unampa mtoto maziwa, hufungui kitu kuchungulia ndani, unaangalia tu tone ni zima. Ndiyo maana anayeweka tone hana ruhusa hata ya huruma ya siri. Huruma yake inabidi ifungwe utepe, ionekane na wote. Hili ni gumu, nami nalisema nikijua kwamba moyo wa Anko siku ile ulikuwa mwema kuliko wa wengi waliokuwa wakifuata sheria.

Lakini kosa langu mimi nimelijua siku nyingi, na si la uwanjani tu. Nilipofanya mtihani wa kidato cha nne, kipande cha karatasi chenye majibu kilikuwa kikizunguka chini ya madawati. Kilipofika kwangu sikukisoma. Nilikipitisha kwa aliye mbele yangu, nikarudi kwenye hesabu zangu nilizozikosea mwenyewe, na kwa miaka nilijiona mtakatifu. Sikusoma, si ndiyo? Sasa najua nilikipitisha. Mkono wangu ulikuwa sehemu ya njia yake. Ndivyo ilivyokuwa pale kwenye pipa la mwalimu. Anko aliweka tone la uongo kwenye bunduki moja. Mimi niliposema labda nimesikia vibaya, niliweka la pili juu yake, na langu ndilo lililowanyima wale vijana kikombe chao siku ile. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Anko ilikuwa fupi kweli, Jumapili hadi Jumapili, na aliitembea mpaka mwisho akiwa na koti la sherehe. Yangu ndiyo imekuwa ndefu. Sikumwambia kamwe kwamba sikio lilirudi. Lilirudi pale pale alipoinua mkono kama mwanafunzi, bila spana yoyote. Nilidhani anajua.

Kwa hiyo somo langu la leo ni dogo, mlichukue kama lilivyo. Ukimsaidia mtu, funga utepe. Ukisikia, sema umesikia, hata kama mwenye makosa ni yule aliyekufundisha kusikia. Hasa akiwa ni yeye. Na ukiambiwa chai iko, panda ngazi.

Jumatano nilikwenda mjini. Wenzetu Masingasinga huchoma maiti, hawaachi kaburi, na majivu yake sikujua yamepelekwa mto gani, kwa hiyo sikuwa na pa kwenda ila pale. Askari wa mlangoni aliniita Afande kwa sauti ndogo. Dada wa vipodozi hakunitania. Aliingiza mkono chini ya meza akatoa kichupa, nyekundu iliyokolea, akasema, "Ni ile yake," na akakataa kuzungumza zaidi kwa sababu kulikuwa na wateja. Nilipanda peke yangu. Mlango wa chuma wa karakana ulikuwa umefungwa kwa kufuli, na komeo lake limeshikwa na skrubu mbili ambazo lazima alizikaza yeye, maana mipasuo ya vichwa vyake ilikuwa imenyooka sawasawa, kama alivyopenda. Nikafungua kichupa. Nikadondosha tone kwenye kila skrubu, nusu juu ya kichwa, nusu juu ya chuma, kama mtu aliyekwisha kukagua kilichomo ndani, akakijua chote, na akakubali kukiwekea jina lake. Nikasogeza mdomo, kama kawaida yangu.

Sikupuliza. Niliketi kwenye ngazi, nikangoja.